Mkwaruzo wa Sogolo si ubovu wa spika yako

Msomaji wa Tunduma ameandika hivi: "Shikamoo mzee wangu. Nina miaka 26, nabadilisha pesa hapa mpakani. Mteja wangu Mzambia kanipa albamu inaitwa Sogolo ya bendi ya WITCH, akaniambia hii ndiyo Zamrock, muziki wa kwao. Naipenda lakini siielewi. Kwanza, magitaa yanakwaruza mpaka nikadhani spika yangu imepasuka. Ndivyo yanavyotakiwa? Pili, nimeona picha yao: mwimbaji ni mzee wa Kizambia, wapigaji wengi ni Wazungu. Hii bado ni bendi ileile ya zamani au limebaki jina tu? Tatu, nikitaka kuujua muziki huu vizuri, nianzie wapi?"

Marahaba, mwanangu. Swali lako limenifurahisha kuliko unavyodhani. Nimekaa nyuma ya mitambo ya sauti karibu maisha yangu yote ya kazi, na mara nyingi nimeona kijana akisikia gitaa la namna hii akainuka kwenda kutikisa waya. Wewe umeuliza kwanza. Nitaanza na spika, kwa kuwa ukishaelewa huo mkwaruzo, mambo mengine yote yatafunguka yenyewe.

Fanya jaribio hili usiku ukitoka kazini. Chukua wimbo wowote wa Mlimani Park unaoujua vizuri, uweke kwenye spika hiyohiyo, kwa sauti ileile uliyoisikilizia Sogolo. Kama gitaa la solo linatoka safi, kila noti imesimama peke yake kama maharage yaliyochambuliwa, spika yako ni nzima. Mkwaruzo unaousikia umetengenezwa kwa makusudi, na aliyeutengeneza alitumia muda mrefu kuupata.

Kifaa chenyewe ni kisanduku kidogo cha chuma ambacho mpigaji hukikanyaga kwa mguu. Wenyewe wanakiita fazi. Ndani yake hamna mengi: transista mbili tatu za kuikuza sauti, vipingamizi kadhaa, betri ya volti 9. Kazi yake unaweza kuielewa ukifikiria barabara ya vilima. Sauti ya uzi wa gitaa ni wimbi, linapanda na kushuka taratibu kama vilima vya Mbozi. Fazi inaikuza ile sauti kupita uwezo wa transista, kwa hiyo kila wimbi linapofika juu linakatwa kichwa, mithili ya greda linapolaza kilima. Kilichokuwa mviringo kinakuwa bapa, chenye kingo. Na sauti yenye kingo huzaa sauti nyingine ndogo juu yake, ambazo uzi wenyewe haukuzitoa kwa wingi kiasi hicho. Hizo ndizo sikio lako linaziita mkwaruzo.

Kuna jambo la pili ambalo watu hulisahau. Gitaa la kawaida ukiligusa, sauti inatoka na kuanza kufa palepale. Gitaa lenye fazi halifi upesi, kwa sababu hata wimbi likianza kudhoofika, bado lina nguvu ya kutosha kugonga dari na kukatwa. Noti moja inaweza kukaa sekunde nyingi, inalia kama zumari, na mpigaji ana nafasi ya kuipinda, kuitikisa, kuiacha ininginie. Ndiyo maana wapigaji wa roki nzito hawana haraka ya kujaza kila nafasi. Katika dansi letu solo hukimbia kwa sababu kila noti ina maisha mafupi, lazima ifuatwe na nyingine. Kule, noti moja inaweza kushika zamu ya noti kumi.

Na kuna hasara yake. Ukipiga kodi kamili, yaani noti tatu nne kwa pamoja, kupitia fazi, zile sauti ndogo zinagongana, unapata uji. Kwa hiyo wapigaji wakajifunza kupiga noti moja moja kwa mfuatano mzito unaojirudia, au noti mbili tu kwa pamoja. Ule mstari wa gitaa unaojirudia kama mtu anayepiga hodi kwa ngumi, unaousikia Sogolo kuanzia mwanzo, ulizaliwa na tabia ya kile kisanduku. Kifaa ndicho kilichowafundisha mtindo. Huwa nawaambia vijana studio: msikilizeni fundi, lakini kisikilizeni na chombo, nacho kina maoni yake.

Dunia ilianza kuujua mlio huo kwa upana mwaka 1965, Rolling Stones walipoutumia kwenye "Satisfaction". Miaka miwili mitatu baadaye Jimi Hendrix akaufikisha mahali ambapo hakuna aliyedhani gitaa lingefika. Wenye kutumia vionjo hivi, fazi, mwangwi, kinanda kinachozunguka kichwani, pedali ya kulifanya gitaa liseme "wa-wa" kama mtoto, waliitwa wapiga roki ya saikedelia, yaani muziki wa kumtoa msikilizaji katika hali yake ya kawaida na kumpeleka pengine. Wengine waliuhusisha na dawa za kulevya. Mimi nakuhakikishia hauhitaji hata soda. Unahitaji vipokea sauti vya masikioni vyenye besi nzuri, na utulivu.

Vipokea sauti nimevitaja kwa sababu. Spika ya simu haiwezi kutoa sauti za chini kabisa. Besi na ngoma kubwa zinapotea, zinabaki zile sauti za juu za fazi peke yake. Unasikia kwato, ng'ombe humwoni. Sogolo ikisikilizwa hivyo inaonewa. Isikilize tena kwa vifaa vinavyostahili, uifuate besi kwa dakika tano za mwanzo huku ukiyaacha magitaa yapite. Utashangaa jinsi inavyochezeka.

Sasa tuje Zambia, jirani zako.

Pale ulipo, mwanzo wa hadithi unapita mbele yako kila siku: shaba. Zambia ilipopata uhuru Oktoba 24, 1964, shaba ilikuwa ndiyo nchi. Miji ya Ukanda wa Shaba, Kitwe, Ndola, Chingola, Mufulira, Luanshya, ilikuwa na mishahara ya uhakika, umeme, kumbi za starehe za migodini, na wachimbaji wa Kizungu waliokuja na santuri zao. Vijana wa Kizambia waliozaliwa katika kota za migodi walikua wakisikia Hendrix, Black Sabbath, Deep Purple na James Brown kama wewe unavyosikia nyimbo za magari yanayosubiri kuvuka. Mwaka 1970 James Brown alikwenda Zambia mwenyewe, na wanamuziki wa kizazi hicho bado wanalizungumzia jambo hilo. Ng'ambo ya mpaka wa Kongo kulikuwa na Lubumbashi, Kiswahili na rumba. Hiyo nayo ilivuja, hakuna mpaka uliowahi kuzuia gitaa.

Rais Kaunda, ambaye naye alikuwa mpiga gitaa na watu walimwona jukwaani na gitaa lake, alitaka redio ya taifa ipige muziki wa taifa. Agizo linalotajwa daima ni asilimia 95: nyimbo zote redioni, isipokuwa kiasi kidogo, ziwe za Kizambia. Hapo ndipo pananivutia kila mara, kwa sababu sisi tulipita njia iliyoanzia mahali pamoja na ikaenda kwingine. Mwaka 1969 hapa kwetu, Dar es Salaam, vijana walipigwa marufuku kucheza soul, muziki wa Wamarekani weusi. Viongozi waliona ni utumwa wa kitamaduni. Vijana wa dansi wakarudi kwenye ngoma za kwao na rumba, tukapata muziki mkubwa ambao sitaubadilisha na wowote. Zambia haikukifunga kile chombo. Iliwaambia vijana: pigeni, lakini kiwe chenu. Basi wakachukua fazi ya Hendrix, wakaiweka juu ya mapigo ya kwao, wakaimba Kiingereza cha shule wakichanganya na Kibemba na Kinyanja. Jina Zamrock ni hayo maneno mawili, Zambia na roki, yaliyoshonwa pamoja.

WITCH walikuwa vinara. Herufi hizo wamezifafanua wenyewe kuwa We Intend To Cause Havoc, yaani tumekusudia kuleta vurumai. Mwimbaji wao ni Emmanuel Chanda, lakini hakuna anayemwita hivyo. Anaitwa Jagari, kwa ajili ya Mick Jagger wa Rolling Stones. Litazame hilo jina kwa makini: wamelichukua la Kiingereza, wakaliongezea vokali kama sisi tunavyofanya, likawa la Kibantu kabisa. Walichokifanya kwenye muziki mzima ndicho hichohicho.

Katika kikosi cha kwanza gitaa la solo alishika Chris Mbewe, ridhimu John Muma, besi Gideon Mulenga, kinanda Paul Mumba, ngoma Boidi Sinkala. Walitoa Introduction mwaka 1972, In the Past 1974, Lazy Bones!! 1975, Lukombo Vibes 1976, na mwaka 1977 albamu yenye wimbo wao uliopendwa sana, "Janet". Mwanzoni Zambia haikuwa na kiwanda cha kuchapisha santuri, kwa hiyo bendi za awali zilipeleka kanda zao Nairobi, mzigo ukarudi umeshakuwa sahani. Musi-O-Tunya, bendi ya Rikki Ililonga, ilikwenda mbali zaidi: ilikaa Nairobi na kurekodi hukohuko. Kwa hiyo mtu akikuambia Afrika Mashariki haina fungu katika Zamrock, mwambie mashine zilizokandamiza plastiki ya kwanza zilikuwa zetu.

Kisha mambo yakaharibika kwa pamoja. Januari 1973 Rhodesia, Zimbabwe ya leo, ilifunga mpaka na Zambia, shaba ikakosa njia ya kusini. Reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilikuwa bado inajengwa. Ilikamilika 1975, na inapita hapo kwenu. Lakini mwaka huohuo bei ya shaba duniani ilikuwa imeshaporomoka. Pesa ya kununua magitaa, amplifaya na mafuta ya gari la bendi ikakauka. Vita vya ukombozi vya Rhodesia vikaleta mashambulizi ndani ya Zambia, giza la kulazimishwa na amri za kutotoka nje usiku. Bendi zikawa zinapiga mchana, na muziki huu ni wa usiku. Disko ikaingia. Kanda za kunakili zikaua mauzo ya santuri. Jagari aliondoka kwenye bendi, akafundisha muziki, baadaye akawa mchimbaji wa vito. WITCH waliendelea bila yeye, wakageukia disko, wakatoa Kuomboka mwaka 1984, wakanyamaza. Halafu ukaja UKIMWI. Uliwachukua wengi wa kizazi kile. Katika kikosi kilichopiga Lazy Bones!!, amebaki Jagari peke yake.

Nimeeleza hayo kwa urefu kwa sababu swali lako la pili haliwezi kujibiwa bila hayo. Umeuliza kama hii ni bendi au ni jina. Ulitegemea kuona wazee watano wa Kizambia jukwaani, na ni haki yako kutegemea hivyo. Hawapo. Wamelala makaburini.

Waliopo ni hawa. Jagari, aliyekwisha kupita miaka 70. Patrick Mwondela wa kinanda, ambaye alikuwa WITCH katika zile zama za disko, Jagari alipokuwa ameshaondoka. Kwa hiyo wazee hawa wawili wanawakilisha nusu mbili za bendi ambazo enzi zile hazikukutana. Besi na usimamizi wa kurekodi ni Jacco Gardner, ngoma ni Nico Mauskovic, hao ni Waholanzi. Magitaa ni ya Stefan Lilov na JJ Whitefield, wa pili ni Mjerumani aliyekuwa akipiga muziki wenye mizizi ya Afrika tangu zamani. Na kuna wanawake wawili wa Kizambia, Theresa Ng'ambi na Hanna Tembo, ambao uzito wao nitautaja baada ya muda mfupi.

Walikutanaje? Mwaka 2012 kampuni ya Marekani, Now-Again, ilizikusanya albamu za zamani za WITCH na kuzitoa upya kwa mkataba, watu wengi wa Ulaya na Marekani wakazisikia kwa mara ya kwanza. Mwitaliano Gio Arlotta akaenda Zambia kumtafuta Jagari, akatengeneza filamu iliyotoka 2019, na katika safari hiyo bendi ya kumsindikiza ikaundwa. Tangu 2017 wamekuwa wakizunguka Ulaya. Mwanzoni, nasema ukweli, ningekubaliana na shaka yako: mzee na vijana waliokariri nyimbo zake. Kazi nzuri ya kumbukumbu, lakini kumbukumbu.

Kilichonibadilisha ni kwamba waliandika nyimbo mpya. Juni 2023 walitoa Zango, albamu ya kwanza ya WITCH baada ya miaka 39, na waliirekodi Lusaka. Jina hilo maana yake ni mahali pa kukutania, na ndivyo ilivyo: yumo Sampa the Great, mchanaji mkubwa wa kizazi chenu aliyezaliwa Zambia, yumo Keith Kabwe wa Amanaz, bendi nyingine ya Zamrock, mkongwe mwenzake Jagari. Juni 2025 wakaja na Sogolo, safari hii wamerekodi Berlin. Wewe wa Tunduma huenda neno hilo umelijua bila kuambiwa: kwa Kinyanja ni mbele, ni kesho. Mzee wa zaidi ya miaka 70, aliyezika bendi yake yote, anaita albamu yake Kesho. Niliposoma jalada nilikaa kimya muda.

Sisi tunaopenda dansi tuna kipimo chetu cha jambo hili na sioni sababu ya kuazima kingine. NUTA Jazz ilizaliwa 1964. Ikawa JUWATA, ikawa OTTU, ikawa Msondo Ngoma. Majina manne, waimbaji wameingia na kutoka, wengine wamezikwa, na bado ukisikia zile tarumbeta unasema Msondo. Hakuna aliyewahi kudai hii si NUTA kwa sababu mpiga besi wa 1964 hayupo. Upande wa pili, Franco alipofariki Oktoba 1989, OK Jazz ilijaribu kuendelea, ikashindikana, na wale waliobaki na Simaro wakajiita Bana OK, watoto wa OK. Walijua kitu kimekatika na wakawa waungwana kulibadilisha jina. Kwa hiyo mimi huuliza mambo mawili: je, yupo anayeshika mtindo, na je, bado wanatunga? WITCH ya leo ina yote mawili. Jagari anaimba, anatunga, na sauti ile ya kukwaruza kidogo mwishoni mwa mstari ni ileile ya 1975, imepungua mwendo tu.

Ila sitakudanganya kwamba hakuna kilichopotea. Weka "Strange Dream" ya Lazy Bones!! halafu wimbo wowote wa Sogolo, usikilize ngoma tu. Sinkala alikuwa akisukuma mbele ya mapigo, kama dereva anayetaka kufika kabla ya mvua. Mara nyingine bendi nzima inayumba kumfuata na ndipo nywele zinaposimama. Mauskovic ni mpigaji bora kwa kipimo cha fundi, amekaa katikati ya mapigo, hayumbi. Ni salama zaidi, na kwangu mimi salama si sifa ya kwanza ya roki. Pia magitaa mawili ya zamani yaligawana kazi kwa namna ya pekee: Mbewe anakwaruza, Muma chini yake anapiga ridhimu safi isiyo na fazi hata kidogo, kama pazia jeupe nyuma ya moshi. Sikiliza mara moja ukilitafuta hilo gitaa safi. Ukishalisikia hutaacha kulisikia. Katika Sogolo fazi imetandazwa zaidi, nafasi ile ya hewa imepungua.

Kilichoongezeka kinalipa. Zamrock ya miaka ya 1970 ilikuwa kijiwe cha wanaume. Jukwaani karibu wote wanaume, studio vilevile. Sasa Theresa Ng'ambi na Hanna Tembo wanaitikia, wanapokea, mahali pengine wanaongoza, na ghafla muziki una mama na dada ndani yake. Jagari akitoa mstari wa Kiingereza, wao wakirudisha kwa lugha ya nyumbani, unasikia mwito na kiitikio ambao kila mtu aliyewahi kuhudhuria ngoma upande wetu huu wa Afrika anaujua. Kwa maoni yangu hao wawili ndio sababu ya Sogolo kuwa albamu hai. Ukiwaondoa inabaki roki nzuri ya Ulaya yenye mwimbaji maarufu.

Na lugha. Sijui kama umeona kwamba wewe kama Mswahili unaingia kwenye nyimbo hizi kwa mlango ambao Wazungu wanaozinunua hawana. Kwenye Zango kuna wimbo unaitwa "Unimvwesha Shuga". Usitafute tafsiri kwanza, itamke polepole. U-ni-, unaijua. Mvwa ni kusikia, -esha ni ileile yetu ya kufanyisha, shuga ni sukari. Unanisikizisha sukari, yaani unanionjesha utamu. Hata sisi tunasema nasikia utamu, nasikia harufu. Sikio la Kibantu linasikia kwa ulimi na pua. Pia jihadhari: kuna bendi kubwa iitwayo Ngozi Family, ya Paul Ngozi. Si ngozi ya mwili. Kwao ngozi ni ajali, ni hatari. Wimbo wao "Nizakupanga Ngozi" ndio mchanaji wa Marekani Tyler, The Creator aliuchukua akaujengea wimbo wake "Noid" mwaka 2024, kwa hiyo huenda Zamrock uliisikia kabla ya mteja wako kukupa Sogolo, bila kujua jina lake.

Sasa uanzie wapi. Usianze mwanzo. Introduction ya 1972 ina moto lakini imerekodiwa kwa shida, sikio ambalo halijazoea litachoka. Anza na Lazy Bones!!, ndiyo nzito kuliko zote na ndiyo WITCH walipojijua ni akina nani. Isikilize yote mara tatu kabla ya kwenda kwingine. Zikikukaa "Strange Dream", "Black Tears" na "October Night", umeshaingia.

Kisha toka nje ya WITCH. Tafuta Africa ya Amanaz, ya 1975. Hii ina habari tamu kwa mtu wa mitambo kama mimi: ilichanganywa mara mbili, mara moja kavu, mara nyingine wamemwaga mwangwi juu ya kila kitu, na toleo la upya linakupa zote mbili. Chagua wimbo mmoja, "Khala My Friend" unafaa, uusikilize kavu halafu wenye mwangwi. Kwenye ule mkavu, mwimbaji amekaa na wewe chumbani. Kwenye ule mwingine amehamia upande wa pili wa bonde anakuita. Maneno hayajabadilika hata neno moja, mpigaji ni yuleyule, kanda ni ileile, lakini huzuni imekuwa ya aina nyingine. Nimewahi kuwapa wanafunzi wangu zoezi hilo bila maelezo yoyote, na kila mmoja aliandika hadithi mbili tofauti.

Baada ya hapo Ngozi Family, kwa ajili ya ukali, maana Paul Ngozi hakuwa na subira na mapambo. Ililonga na albamu yake Zambia ya 1975, kwa ajili ya upole. Halafu urudi WITCH na Lukombo Vibes, mahali ambapo ngoma za nyumbani zinaanza kulikalia gitaa badala ya gitaa kuzikalia. Ukifika hapo ndipo ucheze Zango, na mwisho kabisa Sogolo tena. Utaiona mpya.

Kuna moja zaidi la nyumbani, kwa kuwa najua utaniuliza kama sisi hatukuwahi kugusana na wapiga roki wa namna hii. Patrick Balisidya wa bendi yetu ya Afro 70 alirekodi na bendi ya Kiswidi iliyoitwa Archimedes Badkar mwishoni mwa miaka ya 1970, albamu inaitwa Bado Kidogo. Si fazi nzito kama ya akina Mbewe, ila weka pembeni, iwe ya siku utakayotaka kusikia Kiswahili kikielea juu ya magitaa ya watu waliokulia kwenye saikedelia.

Na huyo mteja wako, akivuka tena, muulize nyumbani kwao walikuwa na santuri gani. Mwache azungumze kuhusu baba yake au babu yake, ukumbi gani wa mgodini, bendi gani ilipiga. Ukipata jina la wimbo ambao sijautaja hapa, niandikie, nami nitautafuta.